Nani anaamuru, nani anatii: mwongozo kamili wa kuhakiki mamlaka katika fasihi iliyodumu

Mwulize mwanafunzi wa fasihi dhamira ya tamthiliya ya Juliasi Kaizari, atakujibu papo hapo: uroho wa madaraka. Mwulize ya Kusadikika: matumizi mabaya ya madaraka. Majibu hayo si ya uongo. Tatizo ni kwamba unaweza kuyabandika kwenye kitabu chochote chenye mfalme ndani yake, na jibu linalofaa vitabu vyote halijaeleza hata kimoja. Nimesahihisha insha nyingi za namna hii, na kinachoniuma ni kuwa walioziandika mara nyingi wamekisoma kitabu vizuri. Walichokosa ni mlango wa kuingilia.

Mwongozo huu unakupa mlango mmoja. Msingi wake ni kwamba mamlaka ndani ya kazi ya fasihi hayakai juu ya kiti cha enzi, yanakaa kwa wale wanaotii. Siku wakiacha kutii, aliyeketi amebaki na kiti tu. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza mtawala ni nani. Ifuate amri: imetoka kinywani mwa nani, imemfikia nani, imetendwa au imekataliwa, na kwa sababu gani.

Nitatumia zaidi Juliasi Kaizari, tamthiliya ambayo Shakespeare aliiandika mnamo 1599 na Mwalimu Nyerere akaitafsiri kwa Kiswahili. Tafsiri yake ya kwanza ilitoka 1963, akiwa tayari ni Rais wa Tanganyika, kisha akairudia na toleo jipya likatoka 1969. Huwa narudi mara kwa mara kwenye jambo hilo: kiongozi wa taifa changa, mwenye kazi lukuki mezani, anatenga saa zake kufasiri mchezo unaohusu kuuawa kwa mtawala. Pembeni nitaita ushahidi kutoka Antigone ya Sophocles, Utendi wa Liyongo, Al-Inkishafi na Kusadikika. Katika tafsiri ya Mwalimu majina ya wahusika yamevaa sauti za Kiswahili. Hapa nimeyaacha kama Shakespeare alivyoyaandika, isipokuwa la Kaizari ambalo limeshakuwa letu.

Hatua ya kwanza: soma kazi yenyewe, mara mbili

Muhtasari hautakusaidia. Muhtasari hukuambia nani aliuawa. Haukwambii nani alinyamaza wakati anauawa, na dhamira ya mamlaka mara nyingi imejificha hapo penye kimya.

Mara ya kwanza soma bila kalamu, mpaka mwisho, kama mtu anayetaka kujua kilichotokea. Kama ni tamthiliya, soma kwa sauti kurasa kadhaa, maana ziliandikwa zisikike. Kama ni utenzi, vivyo hivyo. Mara ya pili ndipo daftari lifunguliwe.

Hatua ya pili: fungua daftari la amri

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo nitakaa kwa muda. Chora safu nne katika ukurasa: nani ameamuru, amemwamuru nani, imetendeka au haikutendeka, na kwa nini. Kila unapokutana na amri, ombi, katazo, wito au ruhusa, andika. Usichague zile kubwa tu.

Jaribu na onyesho la kwanza kabisa la Juliasi Kaizari. Watetezi wawili wa raia, Flavius na Marullus, wanawakuta mafundi barabarani wakisherehekea ushindi wa Kaizari. Wanawafokea warudi makwao. Mafundi wanaondoka. Daftari linasema: wameamuru, wametiiwa. Kisha wanakubaliana kwenda kuyavua masanamu ya Kaizari mapambo yake. Katika onyesho linalofuata Casca anadokeza, kwa sentensi moja anayoipitisha haraka, kwamba wawili hao wamenyamazishwa kwa kosa hilo. Nani aliamuru wanyamazishwe? Hatukumsikia. Jaza safu ya kwanza kwa alama ya kuuliza na uiache hivyo, kwa sababu amri isiyo na msemaji ni ushahidi mkubwa: Kaizari hajavaa taji, lakini tayari kuna watu wanaotenda kabla hajafumbua kinywa.

Endelea. Katika onyesho hilohilo la pili Kaizari anamwambia rafiki yake Antony, atakapokuwa anakimbia katika mbio za sikukuu, amguse mkewe Kaizari, Calphurnia, kwa kuwa wazee husema mwanamke tasa akiguswa katika mbio hizo atapata mtoto. Antony anajibu kwamba Kaizari akisema "fanya", limeshafanyika. Jambo lenyewe ni dogo, la kifamilia, na msomaji wa haraka hulivuka. Wewe usilivuke. Mwandishi ametuonyesha Kaizari kwa mara ya kwanza na papo hapo ametuonyesha utii uliokwisha kuwa mazoea. Baada ya hapo, habari ya taji kutolewa mara tatu na kukataliwa mara tatu inasomeka kwa namna nyingine. Taji lingempa nini ambacho hana?

Sasa geuza daftari upande wa wale waliokula njama ya kumuua Kaizari, maana huko ndiko kuna utajiri ambao insha nyingi hazijaugusa. Cassius ndiye aliyeanzisha mpango. Ndiye mwenye macho makali, na karibu kila anachopendekeza ni sahihi kwa mafanikio yao. Anapendekeza wale kiapo, Brutus anakataa. Anapendekeza Cicero ashirikishwe, Brutus anakataa. Anapendekeza Antony auawe pamoja na Kaizari, Brutus anakataa. Anaonya Antony asiruhusiwe kuzungumza mazikoni, Brutus anaruhusu. Baadaye vitani anashauri wamngoje adui mahali walipo. Brutus anasema waende Philippi, na wanakwenda. Mara tano Cassius ana hoja nzuri zaidi na mara tano anatii. Brutus hana jeshi kubwa kuliko yeye wala cheo cha juu yake. Ana jina jema. Wenzake wanalihitaji jina hilo ili mauaji yaonekane kuwa ni haki, na kwa kuwa wanalihitaji, mwenye jina amekuwa bwana wao. Hiyo ni aina ya mamlaka ambayo hutaipata kwa kutafuta mfalme.

Usiache kuandika na amri za bandia. Cassius anaagiza barua zitupwe dirishani kwa Brutus, zimeandikwa kwa miandiko mbalimbali ili zionekane zimetoka kwa raia tofauti, zote zikimhimiza aamke. Brutus anaamini kwamba Roma inamwita. Anatii sauti ya watu, na sauti hiyo ni ya mtu mmoja.

Kwa upande wa Antigone daftari litakuwa fupi na kali. Mfalme Creon ametoa tangazo moja: maiti ya Polynices, kaka yake Antigone, isizikwe, na atakayeizika afe. Antigone anaizika. Lakini usiandike hao wawili tu. Mwandike mlinzi anayekuja kumpa mfalme habari kwamba amri yake imevunjwa. Anakiri alikuwa akisimama njiani kila mara, akiwaza kurudi. Wenzake walipiga kura nani aje, na kura ikamwangukia yeye. Hatua zake zinazosita zinatuambia juu ya utawala wa Creon mambo ambayo hotuba zake ndefu hazisemi. Kisha mwandike Haemon, mtoto wa mfalme mwenyewe, anayemweleza baba yake kwamba mji unanong'ona ukimsikitikia msichana yule, na kwamba mji wa mtu mmoja si mji.

Hatua ya tatu: chimba chanzo

Kwa kila mwenye nguvu katika daftari, jiulize nguvu zake zimetoka wapi: nasaba, vita, mali, dini, elimu, mwili, maneno, hofu, au mapenzi ya watu. Andika neno moja au mawili mbele ya jina lake, kisha tafuta mstari wa kitabu unaothibitisha. Hatua hii haichukui muda mrefu, ila ina faida moja kubwa: inakuonyesha mgongano wa kazi ni mgongano wa vyanzo gani. Antigone ni sheria ya miungu na damu dhidi ya sheria ya dola. Utendi wa Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa mnamo 1913 kutokana na masimulizi ya kale ya pwani, ni nguvu za mwili na za ushairi dhidi ya nguvu za kiti na askari. Sultani wa Pate anamwogopa Liyongo kwa sababu vyanzo vyao havifanani. Hawezi kumnyang'anya alichonacho kama ambavyo angemvua mtu cheo.

Hatua ya nne: hesabu vinywa

Pitia tena kazi yako ukitazama nani anasema kwa kirefu, nani anakatizwa, nani anasemewa, na nani hana jina.

Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka 1951, ni shule nzima ya hatua hii. Karama ameshtakiwa na Waziri Majivuno kwa sababu anafundisha elimu ya sheria. Anapewa siku sita za kujitetea, na anazitumia kueleza habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote kutafuta manufaa ya nchi, wakarudi na mafunzo mema, wakaishia gerezani. Kwa siku hizo mshtakiwa ndiye anayesema na baraza linasikiliza. Ukihesabu vinywa, Karama anatawala kitabu. Lakini kumbuka ni nani atakayetamka neno la mwisho: mfalme, ambaye amekaa kimya karibu muda wote. Maneno mengi ya mmoja yananing'inia kwenye neno moja la mwingine. Ukiyaweka hayo mawili pamoja utaandika kitu chenye uzito kuliko "Majivuno ni mtawala dhalimu".

Wanawake wasomwe kwa makini ileile. Calphurnia anamkataza Kaizari asitoke nyumbani siku ile ya Machi kwa sababu ya ndoto mbaya, na Kaizari anakubali. Iandike: imetiiwa. Kisha anafika Decius, anaifasiri ndoto upya iwe ya heri, anagusia kwamba baraza linataka kumpa taji na kwamba watu watacheka wakisikia Kaizari amezuiwa na ndoto za mkewe. Kaizari anabadili nia, anaitisha joho lake. Katika kurasa chache umeona amri ya upendo ikishindwa na woga wa kuchekwa. Mtu ambaye ulimwengu unamtii, yeye naye anatii macho ya watu.

Na wasio na majina je? Katika mchezo huu raia wa Roma wanaitwa wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, nao ndio watakaoamua kila kitu. Katika Utendi wa Liyongo kuna Saada, mjakazi anayempelekea Liyongo chakula gerezani. Askari wanakula kizuri na kuacha kibaya. Liyongo anatuma ujumbe kwa mama yake, kwa shairi, amwokee mkate wa wishwa na ndani yake atie tupa. Askari wanaudharau mkate wa makapi, wanamwachia. Tupa inaingia. Usiku watu wanacheza gungu nje, kelele za ngoma na makofi zinafunika sauti ya chuma kikikatwa, na Liyongo anatoka. Tazama ni nani waliovunja gereza la sultani: mama, mjakazi, wacheza ngoma, na dharau ya askari wenyewe. Ukimwandikia mtahini kwamba Liyongo alitoroka kwa nguvu zake, utakuwa umewafuta wote hao.

Hatua ya tano: sikiliza lugha inavyofanya kazi

Tafuta katika kazi yako mahali ambapo maneno yanahamisha mamlaka kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Katika Juliasi Kaizari mahali hapo pako wazi, ni onyesho la pili la tendo la tatu, na nakushauri ulisome polepole kuliko onyesho lolote jingine.

Brutus anatangulia. Anazungumza kwa nathari, kwa sentensi zilizopimwa, sababu na matokeo: alimpenda Kaizari, aliipenda Roma zaidi. Umati unakubali. Na hapo raia mmoja anapaza sauti kwamba Brutus afanywe Kaizari. Simama hapo. Brutus ameua ili asiwepo Kaizari, na wasikilizaji wake waliomwelewa na kumshangilia wanataka kumfanya Kaizari mpya. Ameshinda umati na ameshindwa jambo lake, kwa pumzi moja.

Anapanda Antony. Anatumia ushairi, si nathari. Anarudiarudia kwamba Brutus na wenzake ni watu waheshimiwa, na kila anaporudia neno linazidi kuoza mpaka raia wenyewe wanaligeuza kuwa tusi. Lakini ufundi wake mkubwa unaonekana katika daftari lako. Anawaonyesha wosia wa Kaizari, kisha anakataa kuusoma. Wanamwamuru ausome. Anawaomba ruhusa ashuke, wanamruhusu. Anawaomba wauzunguke mwili; wanauzunguka. Ukitazama juujuu, safu ya waamuru imejaa raia na safu ya watii imejaa Antony. Ukweli ni kinyume chake kabisa. Amewapa raha ya kuamuru ili wasihisi wanaongozwa. Kuanzia hapo wanakwenda kuchoma nyumba, na katika onyesho linalofuata wanamrarua mshairi Cinna kwa kosa la kuwa na jina moja na mmoja wa waliomuua Kaizari. Anapiga kelele kwamba yeye ni Cinna mshairi. Wanasema basi araruliwe kwa mashairi yake mabaya.

Kwa kazi za nathari maswali ni yaleyale: nani ana haki ya kutaja vitu majina, nani anabadili maana ya neno na wengine wakalazimika kulitumia hivyo. Nani anatisha, nani anabembeleza, nani anaomba radhi hata asipokosea.

Hatua ya sita: linganisha ahadi na kinachofuata

Kila mwenye mamlaka ameahidi kitu. Kiandike, kisha subiri kurasa. Wosia wa Kaizari, kama Antony alivyousoma, unamwachia kila raia drakma 75 pamoja na bustani zake kando ya mto Tiber. Umati ulilia kwa ajili ya wosia huo. Geuza kurasa chache ufike tendo la nne: Antony, Octavius na Lepidus, watawala wapya wa Roma, wamekaa wakitia alama majina ya watakaouawa. Lepidus anamtoa ndugu yake. Antony anamtoa mpwa wake. Kisha Antony anamtuma Lepidus akaulete wosia, ili waangalie namna ya kupunguza yale yaliyoachiwa watu. Lepidus akishatoka tu, Antony anamwambia Octavius kwamba huyo ni mtu duni, wa kutumwa. Onyesho hilo ni fupi sana na kwa maoni yangu ndilo lenye ukatili mkubwa kuliko yote katika mchezo, kwa kuwa hakuna damu ndani yake, kuna kalamu tu.

Hatua ya saba: mkalishe mwandishi mahali pake

Mazingira ya uandishi yanaongeza maana, ila yasije yakameza kitabu. Aya moja katika insha inatosha. Unachotafuta ni swali gani la mamlaka lilikuwa hewani wakati kazi inaandikwa.

Mwaka 1599 Malkia Elizabeth wa Kwanza alikuwa amezidi miaka 65, hana mtoto, wala hajamtaja mrithi. Swali la nini hutokea mtawala akiondoka bila utaratibu lilikuwa la hatari kulisema wazi London, na Roma ya kale, ambako Kaizari aliuawa mwaka 44 kabla ya Kristo, ilikuwa mahali salama pa kulipeleka. Shaaban Robert aliandika Kusadikika chini ya utawala wa Waingereza Tanganyika, akaiweka nchi yake angani. Sophocles aliandika kwa ajili ya raia wa Athens waliojivunia kwamba hawana mfalme, akawaonyesha mfalme wa Thebes.

Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir inadai maelezo zaidi kidogo. Ilitungwa mwanzoni mwa karne ya 19, Pate ikiwa imeshaporomoka kutoka katika fahari yake. Mshairi anausemesha moyo wake mwenyewe, anauonyesha majumba ya mabwana wa jana: popo wananing'inia juu, ndege wamezalia katika madaka yaliyokuwa ya sahani za thamani. Wengi huusoma utenzi huu kama mawaidha ya dini peke yake, na kweli ni mawaidha ya dini. Lakini fungua daftari la amri mbele yake. Waliokuwa wakiamuru wapo kaburini, waliokuwa wakitii hawapo, na ndani ya nyumba hakuna anayejibu. Hakuna kazi nyingine niijuayo katika lugha yetu iliyochora mamlaka kwa kuonyesha mahali ambapo utii umekwisha kabisa.

Hatua ya nane: tazama nani anabaki na amri mwishoni

Kurasa za mwisho zisomwe kama ushahidi, si kama hitimisho. Kaizari anauawa katika tendo la tatu, katikati ya mchezo unaobeba jina lake. Nusu iliyobaki ni ya maiti yake: mzuka wake unamtokea Brutus, na Brutus mwenyewe, akiwatazama wenzake waliokufa, anakiri kwamba Kaizari bado ana nguvu. Wamemuua mtu; utii hawakuuua.

Kuna jambo jingine dogo karibu na mwisho. Uwanjani Philippi, Antony anamwambia Octavius aongoze jeshi lake upande wa kushoto. Kijana anajibu kwamba yeye atakwenda kulia, Antony akae kushoto. Antony anauliza mbona anampinga wakati kama huu. Octavius anasema hampingi, ila ndivyo atakavyofanya. Kauli nne. Amri imetolewa, imekataliwa, na aliyekataa hakupaza hata sauti. Mchezo unapofungwa, maneno ya mwisho ni ya Octavius. Msomaji mwenye daftari alishajua.

Liyongo naye ana mwisho wa kutazamwa kwa macho hayohayo. Amechomwa kitovuni na mwanawe aliyeahidiwa kuozwa binti wa sultani. Anatoka nje mpaka kisimani, anapiga goti, anatia mshale katika uta, na kufa katika hali hiyo. Watu wa mji hawathubutu kuchota maji. Wanadhani yu hai. Wanakwenda kumwomba mama yake ambembeleze. Mji mzima una kiu kwa amri ya mtu ambaye hapumui tena.

Hatua ya tisa: tunga hoja, kisha insha

Sasa rudi kwenye daftari na utafute jambo linalojirudia. Hilo ndilo hoja yako. Hoja nzuri ya mamlaka ina sehemu tatu: mamlaka ya namna gani, yanatoka wapi, na yanavunjika au yanahama kwa njia gani. "Shakespeare anaonyesha ubaya wa madaraka" haifai. "Katika Juliasi Kaizari mamlaka hufuata kuaminiwa na umati, ndiyo maana kumuua mtawala hakuyaondoi, kunayahamisha kwa yule anayejua kuusemesha umati" inafaa, kwa sababu mtu anaweza kuibishia, na wewe una ushahidi wa kumjibu.

Kisha chagua matukio matatu au manne tu, na uyachimbe. Wanafunzi wengi hutaja matukio kumi kwa mstari mmoja mmoja. Afadhali matatu yenye nyama. Kila aya ianze na dai, ifuatwe na tukio mahususi, halafu maelezo ya namna tukio hilo linavyothibitisha dai. Hivi, kwa mfano:

"Nguvu za Brutus juu ya wenzake hazitokani na cheo. Cassius anapotaka Antony auawe pamoja na Kaizari, Brutus anakataa akisema wao ni watoa sadaka, si wachinjaji, na Cassius anakubali ingawa bado ana hofu. Hakuna aliyemlazimisha. Anakubali kwa sababu njama yao haina uhalali mbele ya Warumi bila jina la Brutus. Hapa Shakespeare anaonyesha kuwa heshima ni aina ya utawala, na kwamba inaweza kuongoza vibaya sawasawa na upanga: uamuzi huo huo ndio unaomwachia Antony uhai na jukwaa."

Aya hiyo ina amri, ina utii, ina sababu na ina matokeo. Haijataja "uroho wa madaraka" hata mara moja.

Mambo matatu ya kuepuka unapoandika. Usimgeuze kila mtawala kuwa dhalimu. Kaizari wa Shakespeare ana kiburi na pia ana sikio moja zito, ana kifafa, ana mke anayempenda, na mwandishi alituwekea yote hayo makusudi. Usifananishe mhusika na kiongozi fulani wa leo kisha ukaishia hapo, kwa kuwa mfanano huo ni maoni yako na si uhakiki mpaka uuthibitishe ndani ya kitabu. Na usimalizie insha kwa kuwaasa viongozi wawe waadilifu. Malizia kwa tukio la mwisho ulilolichambua na dai lililotokana nalo.

Ukitaka zoezi la kujipima, chukua Macbeth, ambayo S. S. Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1968. Ni fupi kuliko Juliasi Kaizari. Fungua daftari na ufuatilie jambo moja tu: amri anazotoa Lady Macbeth kwa mumewe. Mwanzoni nyingi zinatiiwa. Tafuta ukurasa ambapo Macbeth anaanza kupanga mauaji bila kumwambia, andika namba yake pembeni, na uanze aya yako ya kwanza hapo.